Mama Shofere wa Njia ya Musina

Njia ya kwenda Musina niliijua kwanza kwa mdomo wa mwanamke, kabla sijaijua kwa magurudumu. Nilikuwa nikimsuka nywele. Saluni yetu ilikuwa Yeoville, mtaa wa Johannesburg, kati ya fundi cherehani wa Bukavu na kiduka cha kadi za simu. Asubuhi moja ya mwaka 2015 mwanamke mnene, mfupi, kucha nyekundu, aliingia akaketi kwenye kiti changu bila kuuliza kama kuna nafasi. Akasema anataka misuko midogo itakayokaa muda mrefu, maana kazi yake haimpi nafasi ya kujitazama kwenye kioo.

Nikamuuliza ni kazi gani.

"Niko shofere," akasema. "Ya lori. Toka hapa mpaka Musina."

Shofere, kwa Kiswahili cha kwao Lubumbashi, ni dereva. Yeoville nzima ilimwita Mama Shofere, na mimi sitampa jina jingine hapa, kwa sababu sijui jina alilolipenda kuliko hilo. Musina ni mji wa mwisho wa Afrika Kusini, kaskazini kabisa mwa jimbo la Limpopo. Ukiupita unafika mto, na ng'ambo ya mto ni Zimbabwe. Kila Mkongo na kila Mtanzania aliyekuja Johannesburg kwa gari aliipita njia hiyo, wengi wetu tumelala, au tumejikunja kwa hofu ya karatasi zetu. Mimi mwenyewe nilipokuja kutoka Tanga niliipita nikiwa nimefunika uso kwa khanga. Nilikuwa sijui kama kuna mlima.

"Haukuona mlima?" aliniuliza siku ile, akageuka mpaka misuko ikanitoka mkononi. "Mlima muzima ulikupita?"

Basi akaanza kunieleza. Alieleza njia ile kama mtu anavyoeleza ndugu zake, huyu mpole, huyu mwenye hasira, huyu usimwamini akicheka. Ukitoka Pretoria, alisema, nchi inalala chini, migunga kushoto, migunga kulia, na lami imenyooka. Hapo ndipo madereva wengi wanapokufa, kwa sababu njia iliyonyooka inabembeleza. Halafu milima inajitokeza upande wa kushoto, iko mbali, haina neno na wewe. Polokwane unanunua chakula. Baada ya Polokwane mawe makubwa yamepandana uwandani kama mizigo iliyosahauliwa, na watu wanaishi huku na huku ya barabara, kwa hiyo hapo barabara si yako, ni yao. Kisha unauona mlima wa Soutpansberg umelala kama ukuta, unaupanda, unapita kwenye mashimo mawili yaliyotobolewa kwenye mwamba, na ukitokea upande wa pili ni nchi nyingine: joto, vumbi jekundu, harufu ya majani makavu.

Nilipomaliza kumsuka nilimuuliza kama mwanamke anaweza kufundishwa kazi ile.

"Kusuka unafundishwa," akasema akijitazama kwenye kioo. "Lori unajifunza. Uko na leseni ya gari ndogo?"

Nilikuwa nayo. Ndivyo nilivyoanza.

Sifa yake ya kwanza niliyoijua ni kwamba hakuwa na sifa za kumpa mtu. Mwenye malori alimruhusu kukaa na mwanafunzi mmoja, na safari za mwanzo hakunigusisha usukani. Nilikaa kiti cha pembeni nikiwa na kazi moja: kumwambia kinachokuja. Si nilichokiona, kinachokuja. Nikisema, "Kuna kilima," aliguna. Nikisema, "Baada ya kile kilima lori la mbele litapunguza mwendo, na sisi tutalazimika kushuka gia," alinyamaza. Kunyamaza kwake ndiko kulikokuwa maksi ya juu. Kuna wanawake waliokuja kabla yangu wakaondoka kwa sababu ya kuguna kule, na siwalaumu. Mimi nilibaki kwa ukaidi wa Kitanga, na kwa sababu tangu mume wangu arudi nyumbani na kuoa huko, sikuwa tena na mtu wa kunigunia.

Hakuniita kwa jina. Aliniita Tanga. "We Tanga, angalia balabala," yaani barabara.

Kabla ya kushuka kwenye lori, popote pale, alivua ndala alizoendeshea akavaa viatu vya kisigino. Kwenye mizani, kwenye kituo cha mafuta, hata pale tulipopasukiwa na gurudumu karibu na Mokopane, alikwenda kuangalia gurudumu amevaa viatu vyeusi vya kisigino, kitenge chake kimefungwa vizuri kiunoni. Nilimwambia atateguka mguu.

"Shofere asishuke kama mutu aliyetoka kupigana," akasema. "Wakikuona umechoka wanafikiri lori ndiyo inakuendesha."

Alikuwa na mambo yasiyopatana. Mwanamke huyu aliyepitisha tela ndefu mlimani wakati wa ukungu, alipotea Yeoville. Niliona kwa macho yangu: nilimkuta siku moja mita chache kutoka saluni anauliza njia ya sokoni, na alikuwa ameishi mtaa ule kabla yangu. Hakuwahi kuendesha gari ndani ya Johannesburg isipokuwa kutoka yadi ya malori kule Jeppestown hadi barabara kuu. Mji, alisema, si njia. Mji ni ugomvi wenye roboti, zile taa za njia panda. Aliogopa lifti. Alikataza muziki ndani ya lori kwa sababu lori lina sauti yake na ni adabu kulisikiliza, halafu yeye mwenyewe akaimba tenzi za kanisani kutoka Pretoria hadi Polokwane kwa sauti mbaya ambayo kwaya yao, nilikuja kuambiwa, ilimwomba kwa upole aihifadhi kwa ajili ya safari.

Kwa injini alikuwa na subira ya mama, na kwa binti yake alikuwa na ukali wa injini. Binti alizaliwa hapa hapa Johannesburg. Kiswahili alikielewa chote, lakini alijibu kwa Kiingereza, na akikasirika kwa Kizulu. Mama alikuwa akirudi safari, anavua viatu, anauliza maksi za shule, anafoka, analala. Siku moja yule msichana aliniambia jikoni kwao, kwa Kiingereza, taratibu, tukiwa tunamenya viazi: "Wewe anakufundisha. Mimi ananikagua."

Nilimfikishia mama maneno hayo safari iliyofuata, maana niliona kunyamaza ni kushiriki. Tulipopita Pretoria hakuimba; alisema, macho mbele: "Balabala inanisikia. Mutoto anisikii."

"Labda umwambie kinachokuja," nikasema, "badala ya kumuuliza kilichopita."

Akaguna. Lakini tangu mwezi ule, siku ambazo hakuwa safarini, alikwenda kumpokea binti yake shuleni kwa miguu, akirudi naye polepole kwa sababu ya vile viatu, na binti ndiye aliyemwonyesha wapi pa kukata kona.

Kuhusu wanyama na watu wa barabarani alikuwa na sheria zake. Pale kaskazini mwa Polokwane ng'ombe na punda huvuka wanavyotaka. Madereva wengi hupiga honi. Yeye alisimama, akazima injini kabisa, akasubiri mpaka wa mwisho avuke.

"Ng'ombe hakusoma alama," aliniambia. "Weye ulisoma."

Pasaka moja, wakati mabasi ya mahujaji yanajaza njia ile yakielekea kwenye ibada yao karibu na Polokwane, tulikuta basi limekufa kwenye mteremko, pahali pabaya, sehemu ya nyuma ikiwa bado ndani ya barabara, na akina mama wa kanisa wamesimama kandokando na mavazi yao ya kijani. Mama Shofere aliliegesha lori letu nyuma ya basi, akawasha taa zote za tahadhari, akaweka pembetatu zetu za barabarani na nyingine za kuazima mbali kabisa nyuma, ili anayekuja agonge chuma chetu kabla ya kuwagonga watu. Tukakaa hapo mpaka basi likavutwa. Mwenye malori alipiga simu akiwa mkali, mzigo umechelewa. Nilimsikia Mama Shofere akimjibu kwa Kiingereza chake cha maneno machache, bila kupandisha sauti: "Ulitaka nipite?" Upande wa pili ukauliza kama tumekula.

Lakini nikitaka mtu amjue mwanamke huyu kwa tukio moja, ninamsimulia la kituo cha malori cha Polokwane.

Ilikuwa majira ya baridi ya 2018. Kipindi kile kulikuwa na maneno mengi dhidi ya madereva wa kigeni. Malori yalikuwa yakisimamishwa, mengine yakichomwa, na kila tuliyekutana naye njiani alituambia tugeuze. Sisi tulikuwa na dawa na maji ya dripu ya hospitali moja kule kaskazini. Mama Shofere aliamua hatugeuzi. Mimi nilikuwa nimekwisha kupata leseni ya malori mazito lakini bado nilikaa pembeni yake kama dereva msaidizi.

Tulikuwa tumesimama kula mchana. Likaja kundi la wanaume wenye fimbo, wakapita lori kwa lori wakigonga milango. Waliyoyasema yalieleweka kwa kila mtu: mgeni ashuke, aache funguo, aondoke kwa miguu. Niliona dereva mmoja wa Malawi akishuka, akiwekwa chini na kupigwa teke la mgongo. Mama Shofere alivua ndala, akavaa viatu vyake, akaniambia, "Kaa," kisha akafungua mlango akashuka kama anayeshuka kwenda kanisani.

Hakwenda kwao. Aliketi kwenye kidaraja cha kupandia lori, funguo mkononi, akawangoja. Kiongozi wao alikuwa mwanamume mrefu mwenye ovaroli ya buluu. Alimwambia alete funguo.

"Lori utaipeleka wapi?" akauliza, kwa Kizulu chake cha mjini.

Yule bwana akasema hilo halimhusu. Kazi hizi ni zao, na wageni wamezikalia zote.

"Ndani iko dawa," akasema Mama Shofere. "Wagonjwa wako Musina wanaingoja leo. Nikienda kwa miguu, dawa itabaki. Ni nani kati yenu ni shofere?"

Wakatazamana. Yule mwenye ovaroli akasema yeye ni dereva, leseni anayo, kazi hana.

"Leseni ya lori nzito?"

"Nzito."

"Onyesha."

Akaitoa. Sijui kwa nini aliitoa. Nadhani kwa sababu aliulizwa na mtu aliyeuliza kama mwenye haki ya kuuliza. Mama Shofere akaisoma mbele, akaisoma nyuma, akamrudishia. Kisha akamwekea funguo kiganjani.

"Basi panda. Endesha. Mimi nitakaa pembeni."

Wenzake walianza kucheka, kwanza kidogo, halafu sana, na kicheko kile kikawalegeza mikono. Mtu mmoja akamwinua yule Mmalawi. Bwana wa ovaroli alisimama na funguo mkononi kama mtu aliyepewa mtoto asiyemtarajia. Mimi nilihamia kwenye kitanda cha nyuma ya viti. Akapanda, akarekebisha kiti, akatafuta gia, akakosea, akatafuta tena. Tukatoka.

Tukafika kwenye yale mawe yaliyopandana. Hapo Mama Shofere akaanza kumwambia kinachokuja, kwa sauti ile ile aliyonifundishia mimi. Hapa watoto wanatoka shule. Pale kuna shimo upande wa kushoto. Mlimani alimwambia, "Gia ya chini, na mapema, usingoje kuombwa," naye akafanya. Alikuwa dereva mzuri aliyekaa muda mrefu bila lori; uliona mikono yake ikikumbuka. Kwenye shimo la pili la mwamba, mwanga ulipotupiga usoni upande wa pili, alivuta pumzi nikaisikia kutoka nyuma. Tulifika hospitalini jua bado liko juu. Muuguzi aliyepokea mzigo alimshukuru yeye, kwa kuwa ndiye aliyekuwa kwenye usukani, naye hakujua aangalie wapi.

Mama Shofere alimpigia simu mwenye malori hapo hapo. Nilisikia yule akifoka: umempa lori mtu aliyekuja kuliteka?

"Nimempa shofere," akasema. "Ile lori yako nyeupe inalala yadini bila mutu. Huyu anajua mlima."

Alichukuliwa kazi, na hadi ninapoandika haya anaendesha lori lile jeupe.

Wakati wa kurudi nilimuuliza kama amemsamehe.

"Apana," akasema. "Nimemutafutia kazi tu. Kusamehe iko kazi ya Mungu, na Mungu haniombi lifti."

Nikamwambia sijawahi kuona mtu asiyeogopa namna ile. Akanigeukia, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi akiendesha.

"Ulizani sikuogopa? Nilivaa viatu virefu ili magoti ipate sababu ya kutetemeka."

Watu wa Tanga hunipigia simu wakiniuliza kama sichoki na nchi hii, na kwa nini mwanamke kama mimi nijitese na malori. Siku hizi siwajibu kwa kujitetea. Nawaambia tu kwamba nimefundishwa na mtu ambaye angeweza kugeuza lori akaenda nyumbani salama, na dawa zingebaki, na hakuna ambaye angemlaumu.

Macho yake yalianza kumsaliti mwaka huo huo. Sukari, alisema daktari. Kwanza aliacha safari za alfajiri, kisha za mvua, kisha siku moja alirudi kutoka kupimwa, akaweka mezani leseni yake, akamwambia mwenye malori aandike jina langu kwenye lori. Hakufanya hotuba. Aliniambia kwamba breki ya tela inachelewa kidogo kukamata, na kwamba kiti cha pembeni kinalia.

Mara ya mwisho kusafiri naye ilikuwa 2019. Alikuja yadini Jeppestown akiongozwa na binti yake, ana mkoba mdogo tu, akasema nimpeleke Musina. Nilidhani anarudi kwao. Nikamuuliza mizigo iko wapi.

"Mizigo ya nini? Nakwenda Musina, nitarudi na weye."

Binti akacheka, akambusu, akaniambia kwa Kiswahili cha kuvunjika nimwangalie mama asile vitu vitamu. Tukaondoka.

Nilianza kumweleza tunapopita, nikifikiri ndilo alilolitaka. Akaniwekea mkono begani. "Usinisomee, Tanga. Naisikia." Na kweli aliisikia. Lami ya baada ya Mokopane ina mlio mwingine, akageuza kichwa pale pale ulipobadilika. Kwenye njia iliyonyooka hakulala. Mlimani kulikuwa na ukungu mzito. Mimi niliona mita chache mbele, na yeye hakuona kitu, kwa hiyo kwa mara ya kwanza tulilingana. Nilishuka gia mapema. Hakuguna. Sikujua nifurahi au nilie, nikaendelea kuendesha.

Musina tuliegesha kwenye uwanja wa malori. Kulikuwa na madereva wa Katanga waliokuwa wamevuka mto asubuhi ile, wakisubiri kuelekea kusini. Wakamwona, wakaja wote, wengine wakimwita Mama, wengine Yaya, kama wanavyoita dada mkubwa kwao. Mmoja akamuuliza walichokuwa wakimuuliza miaka yote: "Mama, njia iko namna gani?"

Nilikuwa nimesimama kando nikikagua kamba za mzigo. Yeye akaelekeza uso upande wangu, si sawasawa, kidogo kulia kwangu.

"Muulizeni huyu," akasema. "Mimi leo niko abiria."

Wakanigeukia. Basi nikawaambia. Nikawaambia mlimani kuna ukungu, wawashe taa kabla ya shimo la kwanza, wasizizime katikati ya mashimo mawili. Kushuka kuelekea mji ulio chini ya mlima washike gia ya chini mapema. Kwenye uwanda wa mawe kuna punda wengi wiki hii, na upande wa kushoto lami imebomoka pale karibu na wauza machungwa. Polokwane kumetulia, lakini chakula wakile ndani ya lori, wasikae chini kivulini. Na baada ya Mokopane njia itawabembeleza, wasiikubali.

Walisikiliza bila kunikatiza. Mama Shofere alikuwa ameinamisha kichwa, mikono imeshika mkoba, na hakuongeza neno wala hakupunguza. Kisha wale madereva wakapanda, wakawasha, wakatoka mmoja mmoja kuelekea kusini, kwa maneno yangu. Yeye alisimama akisikia wanavyobadilisha gia mpaka wa mwisho akapita getini. Ndipo aliponitafuta mkono, akaushika, akasema njaa inamuuma, nimpeleke mahali wanapopika ugali vizuri.